Kitanda cha Juu au cha Chini: Mahali pa Kukaa na Kulala Katika Safari Ndefu za Treni

Msafiri anayekwenda mbali kwa treni, anapofika kwenye dirisha la kukatia tiketi, aghalabu huwa na maswali mawili tu mdomoni, nauli ni kiasi gani na treni inaondoka saa ngapi. Akishajibiwa hulipa, hutia tiketi yake mfukoni, akaenda zake akiamini kwamba mambo yote ya safari yamekwisha kutengenea. Swali la tatu, ambalo lingemfaa kuliko hayo mawili kwa muda wote atakaokuwa njiani, hubaki bila ya kuulizwa: nitalala wapi? Tiketi ya daraja la kwanza au la pili humwarifu mtu atalala na wenzake wangapi, lakini haimwarifu kama atalala juu ya magurudumu au katikati ya behewa, karibu na choo au mbali nacho, juu kabisa chini ya dari au chini kabisa ambako kila aingiaye hupumzisha maungo yake. Rai yangu ni kwamba katika safari ya usiku mmoja au zaidi mahali pa kitanda hufanya kazi kubwa kuliko daraja, na kwamba mwenye fedha chache aliyechagua vizuri huamka na nguvu zake, hali tajiri aliyepokea alichopewa huamka taabani.

Tuzichukue kwa mfano reli mbili ambazo wasomaji wengi wa Afrika Mashariki wanazijua. Ya kwanza ni Reli ya Kati, ambayo Wajerumani walianza kuijenga kutoka Dar es Salaam mwaka 1905 na kuifikisha Kigoma, kando ya Ziwa Tanganyika, mwaka 1914, mwendo wa kilomita 1,250 hivi. Ya pili ni reli ya TAZARA, iliyojengwa kwa mkopo wa China usio na riba baina ya mwaka 1970 na 1975, ikakabidhiwa rasmi kwa Tanzania na Zambia mwezi wa Julai 1976, nayo hutoka Dar es Salaam hadi New Kapiri Mposhi, kilomita 1,860. Reli hizi mbili hazina hata upana mmoja, maana ya Kati ni milimita 1,000 na ya TAZARA ni milimita 1,067, na vyumba vyake vya kulala navyo havifanani. Katika Reli ya Kati daraja la kwanza ni chumba kidogo cha vitanda viwili, kimoja juu ya kingine, chenye beseni lake la kunawia, na daraja la pili la kulala ni chumba cha vitanda sita, vitatu kila upande. Baada ya hapo huja daraja la pili la kukaa na daraja la tatu. Katika TAZARA daraja la kwanza lina vitanda vinne na la pili lina sita, kisha yapo mabehewa ya viti. Kwa hiyo msafiri aliyezoea treni ya Kigoma, akija TAZARA kwa mara ya kwanza na kuomba daraja la kwanza akitumaini faragha ya watu wawili, hufungua mlango wa chumba akakuta wenzake watatu wamekwisha kupanga mizigo.

Jambo hili lina uzito zaidi kwa watu wa nyumba moja. Kanuni ya treni zetu za usiku ni kwamba wanaume hulala chumba chao na wanawake chumba chao, isipokuwa waliolipia chumba kizima. Ni kanuni njema, na mwanamke asafiriye peke yake hulala kwa amani. Lakini mume na mke wasioifahamu hujikuta siku ya safari wametenganishwa, mmoja akikaa na mtoto na mwingine akishika mfuko wa maziwa ya mtoto huyo behewa la tatu kutoka hapo. Walio wanne na wakafanya safari ya TAZARA wachukue chumba kizima cha daraja la kwanza. Walio wawili katika Reli ya Kati wanatoshelezwa na chumba cha vitanda viwili. Na walio wawili katika TAZARA hawana budi kuchagua ama kuvilipia vitanda viwili ambavyo hawatavilalia, ama kukubali kutengana usiku na kukutana mchana katika behewa la chakula. Mimi ningewashauri wenye mtoto mchanga walipie chumba, kama uwezo upo. Wengine wakitengana haidhuru, na mara nyingi hupata sahibu wa safari ambao wasingewapata kama wangejifungia wenyewe.

Baada ya daraja, litazamwe behewa lenyewe. Behewa la abiria hukaa juu ya vigari viwili vya magurudumu, kimoja karibu na kila ncha, na mtikisiko wote wa reli, kila kiungo cha chuma na kila njia panda, hupanda kwenda juu kwa kupitia vigari hivyo. Chumba kilicho juu yake hupokea mtikisiko huo kwanza na kwa ukali, na chumba kilicho kwenye ncha kabisa, mbele ya magurudumu, huongezewa kuyumbishwa huku na huku treni inapopita kwenye kona. Vyumba vya katikati huletewa mtikisiko uliokwisha kupunguzwa na urefu wa behewa. Fauka ya hayo, nchani ndiko viliko vyoo na milango ya kupitia kwenda behewa jingine; basi mwenye chumba cha nchani husikia usiku kucha mlango ukifunguliwa na kufungwa, maji yakimwagika, na watu wakingojeana ushorobani kwa mazungumzo, na siku ya pili ya safari, maji yanapopungua, hupata na harufu. Akuulizaye chumba kipi kizuri umjibu bila ya kusita kwamba ni kile cha katikati, na akiambiwa kimekwisha, aombe kilicho jirani nacho.

Behewa lenyewe nalo lina mahali pake katika msafara. Lililo karibu na kichwa cha treni hupata moshi wa dizeli, hupata vumbi, na hupata honi kwa ukamilifu wake, na dereva hana hiari nayo, kwa kuwa hupaswa kuipiga kila penye makutano ya reli na barabara, iwe adhuhuri au saa tisa za usiku. La mwisho kabisa huyumba zaidi, na katika stesheni ndogo zenye jukwaa fupi hubaki nje ya jukwaa, ikampasa abiria kushuka kwenye kokoto kwa ngazi ndefu, na mzigo mkononi. Karibu na behewa la chakula pana starehe yake kwa mtu asiyependa kutembea sana ndani ya treni inayotikisika, ila kuna mapito ya watu tangu alfajiri mpaka baada ya isha.

Sasa tufike kwenye kitanda, ambacho ndicho roho ya jambo hili. Kitanda cha chini kina heshima yake: hakina ngazi, kina dirisha, na mwenye nacho anaweza kushuka usiku bila ya kumkanyaga mtu. Mzee, mgonjwa wa viungo, mwanamke mjamzito, na mama anyonyeshaye wasikubali kingine, na kijana aliyekatiwa cha chini akimwona mmoja wa hao anakitazama cha juu kwa wasiwasi, ampishe kabla ya kuombwa. Lakini kitanda cha chini ni mali ya mtu mmoja usiku tu. Mchana ni kiti cha chumba kizima. Katika chumba cha watu sita, watatu huketi juu yake, hula juu yake, humenya machungwa na kubangua karanga juu yake, na mwenye nacho, akiona usingizi wa alasiri unamjia, hana pa kujinyoosha wala hana uso wa kuwaambia wenzake waondoke. Akitandika shuka mapema ataikuta imejaa makombo. Wazoefu huikunja shuka yao na kuiweka chini ya mto mpaka saa ya kulala, wakatandika wenzao wakishapanda.

Kitanda cha kati ndicho kigumu kuliko vyote, nacho hupatikana katika vyumba vya watu sita tu. Mchana hukunjwa, hata wanaokaa chini wapate kuinua vichwa. Hakiwezi kufunguliwa mpaka wote wa upande ule waridhie kulala, wala hakiwezi kubaki kimefunguliwa asubuhi baada ya wa chini kuamka. Mwenye kitanda hicho hulala kwa ruhusa na kuamka kwa ruhusa. Usiku nafasi yake ni ndogo, hawezi kukaa kitako akanyoosha shingo, na wa juu yake hushuka kwa kuegemea ukingo wake. Hata hivyo si kitanda cha kukataa kama hapana kingine, maana joto lake ni la kiasi na mtikisiko wake ni wa kiasi. Ila akichukue mtu mwepesi wa maungo, mwenye subira, asiyeamka mara kwa mara.

Kitanda cha juu ndicho nikipendacho kwa mtu mwenye afya, na nitaeleza sababu. Aliye juu, kitanda ni chake peke yake mchana na usiku. Akitaka kulala saa nane za mchana hulala, akitaka kusoma husoma, mkoba wake huuweka kichwani pake mahali ambapo mkono wa mpita njia haufiki, na mazungumzo ya chini humfikia anapoyataka. Gharama zake ni tatu. Dari iko karibu, na katika mwambao joto lote la chumba hupanda likakusanyika hapo, hata saa za kwanza baada ya kutoka Dar es Salaam huwa nzito sana. Dirisha haliko, au lipo chini ya macho yake akaona nyasi za kando ya njia bila ya kuona milima. Tena kule juu behewa linapoyumba mwili huyumba zaidi, kwa jinsi kila kitu kilicho mbali na reli kinavyokwenda masafa marefu zaidi kwa myumbo ule ule. Mwenye kuchafukwa na moyo safarini asipande huko.

Liko jambo moja ambalo watu wachache huliangalia, nalo lina faida kubwa kwa walalao juu, hasa watoto. Katika vyumba vyetu vitanda hukingama njia ya reli. Mtu hulala kichwa dirishani na miguu mlangoni, au kinyume chake, ilhali treni inakwenda ubavuni mwake. Dereva akifunga breki kwa ghafula, miili yote husukumwa kuelekea mbele. Aliyelala kwenye kitanda kilichoegemea ukuta wa mbele husukumwa ukutani, ukuta ukamshika. Aliyelala kwenye kitanda cha upande wa pili husukumwa kuelekea uwazi ulio katikati ya chumba, na kama yuko juu na ukingo ni mfupi, ana hatari ya kuanguka. Alama ya kitanda cha salama ni nyepesi kuikumbuka: ni kile ambacho ukikaa chini yake mchana unakipa mgongo kichwa cha treni, maadamu treni haijageuziwa kichwa njiani. Mtu hupenda kukaa akitazama mbele, na huko si vibaya kwa mchana, lakini mtoto wa miaka minane atakayelala juu apewe kitanda cha ukuta wa mbele.

Habari ya vitanda vya juu na vya chini ina kisa chake katika historia ya reli za nchi zetu, tena kisa cha kutisha. Mwezi wa Juni 1900, wakati reli iliyotoka Mombasa ilikuwa bado haijafika ziwani, ofisa wa polisi wa reli aliyeitwa Ryall alilala ndani ya behewa lililosimamishwa katika stesheni ya Kima, yeye na wenzake wawili, Huebner na Parenti, kwa nia ya kumvizia simba aliyekuwa akiwala watu wa stesheni hiyo. Huebner alichukua kitanda cha juu, Parenti akalala sakafuni, na Ryall akawa kwenye kitanda cha chini akishika zamu, hata usingizi ukamshinda. Simba aliingia kwa mlango wa kusukuma, akasimama juu ya mwili wa Parenti, akamnyakua Ryall na kutoka naye dirishani. Wale wawili walipona. Behewa hilo limehifadhiwa mpaka leo katika Jumba la Makumbusho ya Reli mjini Nairobi, na mtu akiingia ndani yake huona kwa macho yake jinsi nafasi ilivyokuwa ndogo.

Reli hiyo hiyo ilikuwa na mpango mwingine wa kugawa mahali, mpango ambao ulidumu muda mrefu kuliko hofu ya simba. Kwa desturi ya wakati wa ukoloni daraja la kwanza lilikuwa la Wazungu, la pili la Wahindi na la tatu la Waafrika, na vitanda, shuka, chakula cha mezani na kengele ya kuitia watu chakulani vilikuwa vya wa juu, hali mwenye nchi aliketi juu ya ubao usiku mzima. Ninalitaja kwa sababu wapo wazee waliokuwa hai zama zile ambao hata baada ya uhuru waliendelea kukata daraja la tatu, wakiwa na fedha ya la pili mfukoni, kwa kuwa hakuna aliyewahi kuwaambia kwamba kitanda kile ni chao pia. Kumweleza mzazi wako habari za vitanda kabla ya kumkatia tiketi ni jambo la insafu.

Baada ya kitanda, mtu aifikirie hewa ya nchi atakayopita. Treni ya TAZARA hutoka kwenye joto la pwani, hupita mbuga ambayo zamani yote iliitwa Selous na ambayo sehemu yake kubwa tangu mwaka 2019 ni Hifadhi ya Taifa ya Nyerere, huteremka katika bonde la Kilombero lenye mpunga na unyevu, na kisha, baada ya Mlimba, huanza kupanda kwa mahandaki na madaraja marefu mpaka Makambako, zaidi ya mita 1,500 juu ya bahari. Mtu aliyelala kitanda cha chini na dirisha wazi katika joto la Ifakara huamshwa na baridi ya nyanda za juu, na katika miezi ya Juni na Julai baridi hiyo si ya mchezo. Blanketi la treni ni moja. Mwenye busara huchukua la pili, na soksi. Hapo ndipo joto la kitanda cha juu, lililokuwa adha jana jioni, linapogeuka kuwa neema.

Jua nalo lina upande wake. Treni ya Reli ya Kati inayotoka Dar es Salaam huelekea magharibi, kwa hiyo mkono wa kulia ni kaskazini. Wakati wa kusi, katikati ya mwaka, jua hupita kaskazini ya vichwa vyetu na kuchoma madirisha ya kulia. Wakati wa kaskazi, Desemba na Januari, hupita kusini na kuyachoma ya kushoto. Katika mabehewa ya kulala msafiri hana hiari kubwa, kwa kuwa vyumba vyote viko upande mmoja na ushoroba upande wa pili. Lakini katika mabehewa ya viti, mwenye kuwahi huweza kuchagua kivuli.

Dirisha lina kazi zaidi ya kutazamia nchi. Katika treni zetu aliye karibu nalo ndiye mnunuzi wa chumba kizima. Dodoma huletwa zabibu, Saranda kuku wa kuchoma, Tabora asali, na treni isimamapo kwa dakika chache tu wauzaji hukimbia kando ya mabehewa na masinia vichwani, wakipaza sauti, na mikono yote hupitia dirisha lile moja: fedha zikitoka, kuku akiingia, chenji ikikimbiliwa hali magurudumu yamekwisha kuanza kuzunguka. Asiyependa kazi hiyo akae mlangoni. Usiku ukiingia mwenye dirisha hupata dhima ya pili, ya kulifunga. Stesheni za usiku wa manane zina watu wema na zina wezi, na mkono mwepesi huweza kuchomoa simu au mkoba kutoka juu ya kitanda cha chini kabla mwenyewe hajageuka. Kwa hiyo wazoefu hulibana dirisha kwa kipande cha ubao, huweka mizigo mikubwa chini ya kitanda cha chini, na vitu vidogo vya thamani huvipandisha juu.

Kwa wasali, nafasi ya sakafu baina ya vitanda humtosha mtu mmoja kusimama na kusujudu, na inafaa kupatana na wenzake mapema nani ataswali lini. Kutoka Dar es Salaam Makka iko karibu kaskazini barabara. Basi katika Reli ya Kati kibla kwa jumla huwa mkono wa kulia wa mwendo, na katika TAZARA, inayoelekea kusini-magharibi, huwa nyuma upande wa kulia, ingawa reli hujipinda na yataka mtu aangalie jua au nyota. Wengi hungojea stesheni kubwa wakashuka kuswali jukwaani.

Kuna nchi ambazo zimeyaandikia mambo haya kanuni, na ni vizuri kuzijua, hasa kwa Waswahili waendao India kwa matibabu au masomo. Huko kitanda cha kati huruhusiwa kufunguliwa kuanzia saa nne za usiku mpaka saa kumi na mbili za asubuhi tu. Nje ya saa hizo aliye chini ana haki ya kukaa na aliye kati ana wajibu wa kukikunja. Wazee, wajawazito na wanawake wa umri mkubwa hutengewa sehemu ya vitanda vya chini tangu wakati wa kukata tiketi. Tena kuna vitanda vya pembeni, ambavyo havikingami bali hulala kufuata ushoroba, vifupi kidogo, vinavyogongwa na kila apitaye. Mtu mrefu avikwepe. China, ambako ndiko yalikotoka mabehewa ya kwanza ya TAZARA, imekwenda mbali zaidi, ikatoza kwa kimo: katika mabehewa ya vitanda vitatu vitatu, cha chini ni ghali kuliko cha kati, na cha juu ni rahisi kuliko vyote. Kwetu nauli hufuata daraja, na kwa hiyo aliyetangulia dirishani ndiye achaguaye bora kwa bei ile ile. Hii ndiyo sababu nasisitiza kuuliza.

Asiyeweza kulipia kitanda asivunjike moyo. Usiku juu ya kiti ni mrefu, lakini unaweza kupunguzwa. Achague kiti cha dirisha, apate ukuta wa kuegemeza kichwa, kikiwa katikati ya behewa na mbali na taa ya mlango. Achukue kitambaa cha kukunja kiwe mto, na mzigo wake auweke mahali anapouona bila ya kuinuka, yaani juu ya kichanja kilicho mkabala naye, kwa maana kilicho juu ya kichwa chake mwenyewe hawezi kukitazama. Kiti cha ushorobani kinamfaa mwenye miguu mirefu na mwenye haja za mara kwa mara, lakini bega lake litagongwa usiku kucha. Katika treni ya Madaraka Express ya Kenya, iliyoanza mwaka 2017, viti vya daraja la kawaida hutazamana, vitatu upande mmoja wa njia na viwili upande wa pili, na nusu ya abiria husafiri wakirudi kinyumenyume. Aliye watatu na watu wake aombe viti vya utatu, aliye wawili aombe vya uwili, na atokaye Nairobi akitaka kuuona mlima Kilimanjaro siku isiyo na mawingu akae mkono wa kulia.

Lipo pia la kuuliza behewa lako linakwenda wapi. Treni ya Reli ya Kati ikifika Tabora hugawanywa, mabehewa mengine yakaendelea Kigoma na mengine Mwanza. Mtu aliyehamia behewa la rafiki yake kwa mazungumzo na usingizi ukampitia huko, huweza kuamka akiwa safarini kwenda ziwa ambalo silo. Kadhalika anayepanda katikati ya njia usiku, tuseme Makambako au Dodoma, ajue kwamba huenda akakuta kitanda chake kina mtu aliyedhani hakina mwenyewe. Asigombane gizani na asiwaamshe watu watano kwa ajili ya mmoja. Amwite mhudumu wa behewa, aonyeshe tiketi, na mhudumu amalize shauri.

Mwaka 2024 treni ya umeme ilianza kwenda Dodoma kutoka Dar es Salaam kwa saa zipatazo nne, juu ya reli ya upana wa milimita 1,435, kwa mwendo ufikao kilomita 160 kwa saa, nayo ina viti tu; na kwa safari ya saa nne viti vinatosha kabisa. Lakini reli hiyo inajengwa kwenda Mwanza, kilomita 1,219 kutoka pwani, na Kigoma nayo imo katika mpango, na msafiri wa kwenda huko hata kwa mwendo huo atahitaji sehemu kubwa ya siku au usiku mzima. Naomba kwa moyo wangu wote mabehewa ya kulala yasisahauliwe siku hiyo itakapofika, kwa sababu mgonjwa aendaye hospitali kubwa, mfanyabiashara atakaye kufika sokoni asubuhi, na mzee aendaye kuzika, wote hupata katika kitanda cha treni kitu ambacho basi haliwezi kuwapa. Na watakaoagiza mabehewa hayo wawaulize mapema walalao juu: ngazi iwe na vipandio vipana vinavyokanyagika kwa mguu mtupu, iwe imefungwa imara upande wa mlangoni isimlazimu mtu kumkanyaga wa chini, ukingo wa kitanda upite kimo cha godoro kwa shibiri moja, na kila kitanda kiwe na taa yake ndogo, mwenye kuamka saa nane za usiku apate kutafuta viatu vyake bila ya kuwasha taa ya chumba kizima.